Samuel Colt na Bastola za Tunu

Utangulizi

Mnamo tarehe 30 Aprili 1840, merikebu iitwayo Sultana ilitia nanga katika bandari ya New York. Ilikuwa imetoka Maskati ikapitia Unguja, nayo ilisheheni tende, kahawa, pembe za ndovu, karafuu na sandarusi. Mjumbe aliyekuja nayo, Ahmad bin Na'aman, alibeba pia hidaya za Sayyid Said bin Sultan kwa Rais Martin Van Buren, zikiwemo farasi wa Kiarabu, lulu na upanga. Hidaya hizo ziliwatia Wamarekani katika mashaka, kwa kuwa katiba yao haimruhusu kiongozi wa nchi kupokea zawadi ya mfalme wa kigeni pasi na idhini ya Bunge. Suala hilo lilifikishwa Bungeni, likaamuliwa huko. Hata hivyo, ilibidi fadhila ya Sayyid ijibiwe kwa fadhila. Merikebu ilipoondoka mwezi wa Agosti, miongoni mwa vitu alivyopelekewa Sayyid zilikuwemo silaha za namna mpya, zilizoweza kufyatua risasi kadhaa mfululizo bila ya kushindiliwa upya kila mara. Aliyezibuni ni kijana ambaye, Sultana ilipowasili, alikuwa hajatimiza umri wa miaka 26. Jina lake lilikuwa Samuel Colt.

Leo jina la Colt linajulikana ulimwenguni kote. Baadhi ya bastola alizozitoa kama tunu, zenye nakshi za kuchongwa na dhahabu iliyopachikwa, zimo katika majumba makuu ya makumbusho, na wakusanyaji wa vitu vya kale hushindania nyinginezo minadani. Wanaozitazama aghalabu husifu ustadi wa mkono uliozichonga. Maisha ya mwenye kuzitoa yanaonyesha kwamba nakshi hizo hazikuwa pambo tu. Zilikuwa na kazi, na kazi yenyewe ilikuwa kufungua milango ambayo pengine isingefunguka.

Uzawa na Malezi

Samuel Colt alizaliwa tarehe 19 Julai 1814 katika mji wa Hartford, jimbo la Connecticut. Baba yake, Christopher Colt, alikuwa mfanyabiashara ambaye mali yake ilipanda na kushuka. Mama yake, Sarah Caldwell, alifariki Samuel angali mtoto mdogo. Alipofika umri wa miaka 11 alipelekwa kwa mkulima mmoja wa Glastonbury kuwa mtumishi. Baadaye alifanya kazi katika kiwanda cha nguo cha baba yake mjini Ware, Massachusetts, na huko ndiko alikojifunza mambo ya mitambo na kemikali. Masomo hayakumkaa. Alipokuwa mwanafunzi mjini Amherst alishiriki katika ulipuaji wa baruti wakati wa sherehe za uhuru za Julai 1830, na masomo yake yakaishia hapo.

Mwaka huo huo aliingia baharini kama baharia mwanagenzi katika merikebu Corvo iliyokuwa ikielekea Calcutta, Bara Hindi. Inasimuliwa kwamba ni katika safari hiyo alipoutazama usukani wa merikebu ukizunguka na kukazwa mahali pake, akapata wazo la silinda yenye vyumba kadhaa vya risasi, itakayozunguka na kujifunga mbele ya mtutu mmoja. Alichonga kielelezo cha mbao kwa kisu. Silaha za kuzunguka zilikuwepo kabla yake, na miaka mingi baadaye yeye mwenyewe alizikusanya ili kujifunza historia yake. Lililokuwa jipya ni utaratibu wake: mtu alipovuta nyundo ya bastola nyuma, silinda ilizunguka na kujifunga kwa tendo hilo hilo moja.

Wazo lilihitaji fedha, naye hakuwa nazo. Kwa miaka kadhaa alizunguka miji ya Marekani na Kanada akijiita Daktari Coult, akiwavutisha watu gesi ya kuchekesha kwa kiingilio. Alikuwa bado kijana mdogo, hakuwa daktari, wala jina lenyewe halikuwa lake kikamilifu. Katika maonyesho hayo alijifunza jambo ambalo halikuwafikia mafundi wengi wa zama zake: kwamba kitu kipya hakitoshi kuwa kizuri, ni lazima kionyeshwe, na hadhira ishikwe kwa macho kabla ya kushikwa kwa hoja.

Kiwanda cha Paterson na Kuanguka Kwake

Colt alipata hataza ya Uingereza mwaka 1835 na ya Marekani tarehe 25 Februari 1836. Mwaka huo wa 1836 kampuni yake ya kwanza ilianzishwa Paterson, New Jersey. Bastola za Paterson zilibeba risasi tano. Mwaka 1838 alisafiri mwenyewe hadi Florida kuliuzia bunduki zake jeshi lililokuwa likipigana na Waseminole, na jamhuri changa ya Texas ilinunua bastola kwa ajili ya wanamaji wake. Lakini silaha hizo zilikuwa ghali, baadhi yake ziliharibika upesi, nalo jeshi la Marekani halikuridhika nazo. Colt alijaribu kuwavuta maofisa kwa karamu na kwa bastola za zawadi, hata wenye hisa wakalalamikia matumizi yake. Mwaka 1842 kampuni ilifilisika.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya dhiki. Kaka yake John alihukumiwa kifo kwa kumuua mpiga chapa mmoja wa New York, akafia kizuizini Novemba 1842, siku ile ile aliyopangiwa kunyongwa. Samuel aligeukia mabomu ya kutega majini yaliyolipuliwa kwa umeme, na mwaka 1844 alilipua meli katika mto Potomac mbele ya viongozi wa serikali. Onyesho lilifana, ila serikali haikununua.

Walker na Picha ya Wakomanche

Aliyemfufua Colt ni mteja. Kapteni Samuel Walker alikuwa mpiganaji wa kikosi cha Texas Rangers ambaye alizitumia bastola za Paterson dhidi ya Wakomanche. Kabla ya hapo, mpiganaji wa Kikomanche juu ya farasi aliweza kuachia mishale mingi wakati adui yake akishindilia bunduki upya. Silinda ya kuzunguka iliipindua hali hiyo. Vita baina ya Marekani na Meksiko vilipozuka mwaka 1846, Walker alimshauri Colt kuunda bastola kubwa zaidi ya risasi sita, na mwanzoni mwa mwaka 1847 serikali iliagiza 1,000. Colt hakuwa na kiwanda. Alitengenezewa katika karakana ya Eli Whitney Mdogo, karibu na New Haven. Bastola hiyo, yenye uzito wa takriban kilo mbili, ilipewa jina la Walker. Colt alimtumia Walker jozi yake binafsi. Kapteni aliuawa vitani Huamantla, Meksiko, Oktoba 1847, muda mfupi baada ya kuipokea.

Juu ya silinda ya bastola hizo palikuwa na picha. Mchoraji Waterman Ormsby alichonga mandhari ya mapigano ya Rangers na Wakomanche, kisha picha hiyo ikahamishiwa kwenye kila silinda kwa kuigandamiza kwa rola ya chuma kigumu. Kwa njia hiyo kila askari alibeba simulizi ya ushindi kiunoni mwake. Wakomanche wenyewe hawakuulizwa jinsi walivyoikumbuka siku ile. Sura yao ilibaki katika chuma ikiwa ushahidi wa ubora wa silaha iliyowaangamiza. Anayeisoma nakshi ya Colt kama matini hana budi kuanzia hapo.

Mkono wa Mchongaji

Mwaka 1847 Colt alirejea Hartford, na kiwanda chake mwenyewe kikaanza. Akisaidiwa na fundi mahiri Elisha Root, alitumia mitambo iliyotengeneza sehemu zinazolingana kiasi kwamba kazi ya mkono ilipungua sana. Hapa pana kinaya. Bastola ya kawaida ilikuwa zao la mashine, lakini ile ya tunu ilirudishwa kwa mkono wa mwanadamu. Wachongaji wengi walikuwa wahamiaji kutoka nchi za Kijerumani. Aliyesifika kuliko wote ni Gustave Young, mzaliwa wa Prussia, aliyefanya kazi ya kiwanda hicho tangu mwanzo wa miaka ya 1850.

Kazi yenyewe ilifanywa kabla ya chuma kukazwa na kutiwa rangi. Mchongaji alitumia patasi ndogo na nyundo, akakata matawi na majani yaliyojiviringa juu ya mtutu, fremu na nyundo ya bastola. Mahali pa dhahabu alichimba mifereji iliyopanuka upande wa ndani, akapigilia dhahabu humo hadi ikajishika yenyewe. Bastola iliyokamilika iliwekwa katika kasha la mbao nzuri lililotandikwa mahameli, pamoja na chombo cha baruti na kalibu ya kusubia risasi. Nyuma ya mpini palichongwa jina la mpokeaji na salamu za Kanali Colt. Ukanali huo haukutokana na vita vyovyote. Alipewa mwaka 1850 na Gavana wa Connecticut, Thomas Seymour, ambaye Colt alikuwa amemuunga mkono kisiasa.

Baadhi ya mipini ya tunu ilikuwa ya pembe za ndovu. Katika bonde hilo hilo la mto Connecticut, kusini mwa Hartford, vijiji vya Deep River na Ivoryton viliishi kwa kukata pembe kuwa vitana na vibonyezo vya piano, na sehemu kubwa ya pembe hizo ilipitia Unguja. Kabla ya kufika pwani, misafara iliyozibeba ililipa hongo kwa watawala wa bara ili ipishwe njia. Neno hongo wakati huo lilikuwa jina la ada inayojulikana, iliyotolewa hadharani na kujadiliwa kwa siku nyingi. Maana yake ya leo, ya malipo ya siri yanayopotosha haki, iliota juu ya ile ya zamani. Colt hakulijua neno hilo. Maana zote mbili alizijua vizuri.

Tunu kwa Wafalme

Mwaka 1851 Colt alipanga mamia ya silaha katika Maonyesho Makuu ya London, akawavuta watazamaji kwa wingi. Mwaka 1853 alifungua kiwanda Pimlico, kwenye ukingo wa mto Thames. Komodoo Matthew Perry alipokwenda Japani kuilazimisha nchi hiyo kufungua bandari zake, bastola za Colt zilikuwa miongoni mwa zawadi alizozibeba. Zawadi na mizinga vilisafiri katika meli moja.

Mfano ulio wazi kupita yote ni wa Vita vya Krimea, vilivyoanza mwaka 1853. Sultani Abdülmecid wa Dola ya Kiosmani alikuwa amekwisha kupata tunu za Colt, naye akamtunukia kasha la ugoro la dhahabu lenye almasi. Mwaka 1854, vita vikiwa vimepamba moto, Colt alikwenda Urusi kumwona Tsar Nicholas I, adui wa Sultani huyo. Mwakilishi wa Marekani nchini Urusi wakati huo alikuwa Thomas Seymour, yule yule aliyempa ukanali. Tsar alipewa bastola zilizopachikwa dhahabu. Mojawapo imehifadhiwa katika jumba la Hermitage, St. Petersburg. Pacha wake, yenye sura ya George Washington na nembo ya taifa la Marekani kwa dhahabu, imo katika jumba la Metropolitan mjini New York tangu mwaka 1995. Mbinu ya Colt inasimuliwa kuwa nyepesi: kila upande ulijulishwa kwamba mwingine unanunua. Uingereza nayo, mshirika wa Sultani, ilinunua maelfu ya bastola kwa ajili ya wanamaji na askari wake. Tunu ilimfikia mfalme mmoja, na nyuma yake zikaja bastola zisizo na nakshi kwa askari waliotakiwa kufa.

Tunu kwa Wabunge

Mbinu iliyofaulu katika kasri za wafalme ilijaribiwa pia nyumbani. Hataza ya Colt ilikuwa imekwisha kuongezwa muda, ikatarajiwa kumalizika mwaka 1857. Alitaka Bunge la Marekani limwongezee tena, ili washindani wake waendelee kuzuiwa. Mwaka 1854 kamati ya Baraza la Wawakilishi iliundwa kuchunguza tuhuma kwamba wabunge walikuwa wakihongwa kwa ajili ya mswada huo. Uchunguzi ulionyesha kwamba mawakala wake waliandaa karamu na kugawa bastola kwa wajumbe, na kwamba hata mtoto mdogo wa mjumbe mmoja alipewa ya kwake. Colt hakupata nyongeza aliyoitaka.

Ikumbukwe kwamba miaka 14 tu ilikuwa imepita tangu Bunge hilo hilo lijadili hidaya za Sayyid Said. Farasi na lulu za mfalme wa mbali zilihesabiwa hatari kwa uadilifu wa Rais. Bastola iliyowekwa mezani na mwananchi mwenye kiwanda, pamoja na tabasamu na chakula cha jioni, ilionekana na wengi kuwa ukarimu wa kawaida hadi kamati ilipouliza maswali.

Hartford: Jumba, Familia na Kifo

Mwaka 1855 Colt alikamilisha kiwanda kikubwa katika mabonde ya Hartford, baada ya kujenga ukuta wa kuzuia mafuriko ya mto. Juu ya paa palisimama kuba ya buluu yenye nyota, umbo lake likifanana na yale ya makanisa ya Kirusi, na kileleni farasi mchanga aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Jina la Colt katika Kiingereza lina maana ya mwana-farasi dume, naye hakuiacha fursa hiyo ipite. Aliwajengea wafanyakazi nyumba na ukumbi. Tarehe 5 Juni 1856 alimwoa Elizabeth Jarvis, binti wa kasisi. Katika safari yao ya fungate walihudhuria sherehe za kutawazwa kwa Tsar Alexander II. Waliporejea walihamia katika jumba lao jipya, Armsmear.

Utajiri haukuwakinga na msiba. Kati ya watoto wao, Caldwell peke yake ndiye aliyekua hadi utu uzima. Taifa nalo lilikuwa likigawanyika. Colt aliendelea kuyauzia silaha majimbo ya Kusini hadi siku za mwanzo za vita vya Aprili 1861, na magazeti ya Kaskazini yakamshutumu kwa usaliti. Kisha akageuza bidhaa zake zote kwa jeshi la Kaskazini. Afya yake ilikuwa imekwisha kudhoofika. Alifariki tarehe 10 Januari 1862 akiwa na umri wa miaka 47, akiacha mali iliyokadiriwa kufikia dola milioni 15.

Urithi na Wakusanyaji

Elizabeth aliishi zaidi ya miaka 40 baada ya mumewe. Kiwanda kilipoteketea kwa moto Februari 1864, alikijenga upya. Alijenga pia kanisa la kumbukumbu, lililokamilika mwaka 1869. Katika mlango wake mmoja, mapambo ya mawe yana sehemu za bastola zilizochongwa miongoni mwa misalaba. Alipofariki mwaka 1905 aliuachia umma, kupitia jumba la Wadsworth Atheneum la Hartford, sanaa zake pamoja na silaha ambazo Samuel alizitengeneza na kuzikusanya. Bawa la jumba hilo lenye jina la Colt lilifunguliwa mwaka 1910.

Tangu hapo ukusanyaji wa bastola za tunu umekuwa taaluma na biashara. Mkusanyaji makini huchunguza nambari ya silaha, huilinganisha na kumbukumbu za kiwanda, huitazama nakshi kama inaafiki mkono wa mchongaji wa zama hizo, na huuliza iwapo kasha na vifaa vyake vilizaliwa pamoja na bastola. Uangalifu huo una sababu. Wapo wanaochukua bastola ya kale isiyo na pambo, wakaitia nakshi na jina la mtu mashuhuri ili kupandisha thamani yake. Fedha zinazohusika si haba: mwaka 1848 haukuwa mbali na siku ambazo serikali ilizihesabu Walker kama vifaa vya kazi tu, ilhali mwaka 2018 Walker moja ndani ya kasha lake iliuzwa mnadani Marekani kwa zaidi ya dola milioni 1.8.

Hitimisho

Kiswahili kina ngazi ndefu ya maneno kwa kitu kinachotoka mkononi mwa mtu kwenda mkononi mwa mwingine: tunu, hidaya, zawadi, takrima, bakshishi, chai, kitu kidogo, hongo, rushwa, mlungula. Kitu chenyewe kinaweza kuwa kile kile. Kinachokishusha kutoka juu ya ngazi hadi chini ni nia ya mtoaji, cheo cha mpokeaji na kile kinachotarajiwa kufuata. Samuel Colt alipanda na kushuka ngazi hiyo maisha yake yote akiwa na kasha moja lenye mahameli. Lilipopokewa na mfalme liliitwa tunu, lilipopokewa na mbunge likaundiwa kamati.

Nakshi za Gustave Young zinastahili sifa, na hakuna anayewadhulumu wachongaji kwa kuwakumbuka. Hata hivyo, mtazamaji anayesimama mbele ya kioo cha makumbusho anapaswa kuigeuza bastola akilini mwake. Upande mmoja ataona majani ya dhahabu na uso wa Washington. Upande wa pili yupo Mkomanche aliyechongwa akianguka, askari wa Krimea aliyeuawa kwa bastola isiyo na pambo lolote, na mtoto wa mbunge mwenye silaha ambayo hakuiomba. Colt aliuza upande wa pili kwa kuonyesha ule wa kwanza.